Breki ya Mbele

Kwenye bega langu la kushoto kuna nundu. Mfupa ulivunjika, ukaunga vibaya, na sasa umechomoza chini ya ngozi kiasi kwamba shati lolote jipya huanza kuchakaa pale. Watu wakiniuliza nawaambia nilianguka na baiskeli, nao hucheka kidogo, maana kwao baiskeli ni kitu cha kuendea sokoni. Wangeiona ile njia wasingecheka.

Tulikuwa tunaleta mkaa mjini Likasi, makala kama tunavyouita sisi, kutoka porini nyuma ya vilima vya upande wa Kamatanda hadi soko la Kikula. Kila baiskeli ilibeba magunia matatu, mawili ubavuni na moja juu ya keria, yamefungwa kwa mipira ya ndani ya matairi iliyochanwa. Kilima ulikipanda kwa kusukuma, kifua kimelalia usukani. Ukifika juu, unarukia baiskeli na kumwachia Mungu. Mteremko ulikuwa mwembamba, wa udongo mwekundu na changarawe, umechimbwa katikati na maji ya mvua, una kona tatu, na chini kabisa kuna kijito chenye ubao wa kuvukia. Breki ya nyuma hakuna aliyekuwa nayo. Kazi hiyo ilifanywa na ndala ya tairi, unaibana kwenye gurudumu kwa mguu mpaka inatoa moshi.

Sheria ilikuwa moja, kwamba kwenye mteremko hakuna kusimama. Tulishuka mstari mmoja, watu sita au saba, na ukisimama ghafla unawaua walio nyuma yako. Ukianguka unajiburuta pembeni. Anayekuja anapiga kelele "Njia!" na kupita. Wote wakishafika kijitoni, wakaegesha baiskeli na kunywa maji, ndipo wanapanda kwa miguu kukufuata. Ni sheria nzuri tu, mradi aliyeanguka si wewe.

Nilianguka katika mwezi wangu wa tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nakaa kwa kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita kwetu, aliyenizidi miaka minane na aliyenichukua baba yetu alipofariki. Baiskeli zote mbili zilikuwa zake. Kwenye mteremko ule hapakuwa na mtu wa kumfikia, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Siku ile mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma yangu. Kwenye kona ya pili niliogopa, nikabana breki ya mbele, breki ya waya, kwa vidole vyote. Gurudumu likapinda, nikaruka juu ya usukani, nikatua kwa bega. Nilisikia mfupa ukikatika kabla sijasikia maumivu.

"Njia!" Ilikuwa sauti ya yaya wangu. Nilijiburuta kwa mkono mmoja, naye akapita karibu kiasi kwamba gunia lake lilinikwaruza uso. Hakupunguza mwendo hata kidogo. Nikalala pale nikiwasikia kijitoni wanacheka, wanarushiana maji, mmoja anaomba kibiriti. Yaya alipanda baadaye, sigara ikiwa imebaki kipande. Aliipita miguu yangu, akainua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akakagua tairi na uma wa mbele unaolishika. Ndipo akanitazama.

"Velo iko bien," alisema, yaani baiskeli ni nzima. "Lamuka."

Bega lilifungwa na mama mmoja wa Kikula anayejua mifupa, akaniambia ning'ate kitambaa. Sikuking'ata vizuri. Nililia, na yaya alikuwa amesimama mlangoni. Wiki sita nilizokaa nyumbani kwake nikiwa nimefungwa mkono, alikiigiza kile kilio kila mgeni alipoingia. Alikiigiza tukila bukari, ugali wetu, alikiigiza mbele ya majirani, tena aliigiza kwa ustadi, na pua ikikimbia. Mke wake alicheka siku za kwanza. Baadaye akaacha.

"Lakini ni ndugu yako," alimwambia siku moja. "Acha."

"Njo maana namucheka," alijibu yaya. "Akishindwa kushuka, arudiye Kapolowe, akalime."

Hakuwa anatania. Kapolowe kulikuwa na shamba la wajomba ambao hawakunitaka, na kila mtu mezani alilijua hilo. Kwa hiyo mfupa ulipokaza kidogo nikarudi kwenye mteremko, na nilipofika juu miguu ikagoma. Nikashuka nikiwa nimeishikilia baiskeli kwa pembeni, mzigo ukinivuta kama ng'ombe anayekimbilia maji, na wenzangu wakinipita mmoja mmoja. "Pole pole, madame!" walisema. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Siku ya nne yaya alikuja na koleo. Alikata waya wa breki ya mbele kwenye baiskeli niliyokuwa naendesha, akautupa majanini.

"Hii njo ilikuangusha," alisema. "Weye unaogopa sababu uko na kintu ya kushika. Ukikosa kintu ya kushika, woga itaisha."

Akaanza kunifundisha. Kwanza bila mzigo, kutoka kona ya chini kabisa, kisha kutoka ya kati, kisha kutoka juu. Baadaye alijaza mawe kwenye magunia na tukaanza upya. Yeye alisimama kwenye kona na fimbo. Breki ilikuwa imekufa lakini mkono wake wa chuma ulibaki pale kwenye usukani, na vidole vyangu viliutafuta kila nilipoogopa. Kila vilipoushika alivipiga kwa fimbo, nikiwa katika mwendo. Nilianguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niling'oka ukucha wa dole gumba, goti likachanika nikaliona jeupe ndani, meno yakapita kwenye ulimi. Kila mara aliikagua baiskeli kwanza. Nilimchukia kwa chuki safi kabisa, na chuki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi.

Lakini nilijifunza, na lazima niseme hivyo maana ni kweli. Nilijifunza kutazama mbali badala ya kutazama jiwe lililo mbele ya gurudumu. Nilijua kuulaza mwili upande wa ndani wa kona, kuibana ndala mapema kabla mzigo haujashika kasi, kuziacha changarawe zitembee chini yangu bila kubishana nazo. Siku moja nikafika kijitoni sikumbuki kona hata moja, na nikagundua kwamba nilikuwa nikiimba. Nilitaka kupanda tena saa ile ile. Yaya alinitazama, akanipa tu chupa yake ya maji, na nikafurahi mpaka nikajionea aibu.

Na nikawa kama yeye. Alikuja mtu mzima mmoja, mwalimu aliyechoka kufundisha bila kulipwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alianguka kwenye kona ya pili, pale pale pangu, akapoteza meno mawili ya mbele. Nilikuwa nyuma yake. Nilipiga kelele "Njia!" kwa raha, nikapita, na jioni sokoni niliwaigizia akina mama wauza samaki jinsi anavyosema sasa. Walicheka wakafuta machozi. Mwalimu alikuwa amekaa hatua chache tu na magunia yake, na alitabasamu mdomo ukiwa umefungwa. Hakurudi tena porini.

Siku ya yaya ilikuwa mwanzo wa mvua. Udongo ulikuwa umelowa juu tu, na mizizi imetokeza njiani. Tulikuwa wawili nyuma ya wenzetu, yeye mbele, mimi wa mwisho kabisa. Tukapita kona ya pili. Baada ya kona hiyo kuna kipande cha tambarare, kifupi, ndipo njia inadondoka tena. Mwishoni mwa tambarare uma wa mbele wa baiskeli yake ulikatika pale ulipokuwa umechomelewa. Sikusikia chochote, niliona tu mtu na baiskeli na magunia vikipinduka pamoja, na vilipotulia yeye alikuwa chini ya vyote, uso umenielekea.

Aliinua mkono mmoja.

"Simama," alisema. Hakupiga kelele. "Simama, ndugu."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ndala ilikuwa mpya, tambarare ilikuwa ndefu ya kutosha, na kwa ufundi ule alionipa yeye mwenyewe ningesimama bila hata kutoka jasho. Nimeipima tambarare ile kwa hatua mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara jibu ni lile lile. Ningeweza. Nilikunja usukani kidogo, nikapiga kelele "Njia!" kwa mtu asiyeweza kusogea, nikapita. Gunia langu lilimgusa. Na nilifurahi. Nilishuka kona ya tatu nikiwa na furaha ambayo sijapata nyingine kama hiyo mpaka leo.

Kijitoni niliwaambia wenzangu kwamba yaya ameanguka, wakacheka, wakasema hatimaye na yeye. Nikanywa maji. Nikaomba sigara, mimi nisiyevuta, nikaivuta yote mpaka mwisho huku nikikohoa. Ndipo nikapanda. Nilipofika, niliiinua baiskeli yake kwanza. Nilikuwa nimelipanga hilo tangu kijitoni.

"Velo imekufa," nilisema. "Lamuka."

Hakuamka. Nilitoa gunia, nikatoa la pili, na miguu yake ikabaki ilivyokuwa, mmoja umekunjwa vibaya chini ya mwingine, naye hakuonekana kujua. Alikuwa ananitazama tu. Nikaanza kuita watu, na sauti iliyonitoka ilikuwa kile kilio alichokuwa akikiigiza mezani.

Hospitalini daktari aliuliza maswali mengi, akaandika. Kisha akanigeukia mimi.

"Mizigo ilikaa juu yake muda gani?"

"Kidogo tu, docteur," nilisema.

Yaya alikuwa amelala pale kati yetu, macho wazi, amesikia. Daktari aliandika nilichosema.

Hatembei. Anakaa mbele ya nyumba Kikula na beseni la maji, anaziba mipira ya baiskeli za watu wa makala, na anaziba vizuri. Mimi ndiye ninayeleta unga sasa. Wapya wakija wakiogopa mteremko, huniita nisimame karibu naye, kisha anawasimulia.

"Minye nilianguka mbele yake, na yeye alipita direct," anasema. "Hakutia muguu chini, hakutetemeka. Minye njo nilimufundisha." Wapya hunitazama kwa heshima. Nami husimama pale nikitazama beseni.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Walipoondoka nikachuchumaa karibu naye.

"Yaya, ile siku nilikuwa naweza kusimama."

"Najua," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mpira aliokuwa anausugua. "Nilikuona macho. Njo maana nasema nilikufundisha bien. Niletee pompe."

Nikamletea pampu. Jua lilipozunguka na kumfikia usoni, aliinua mikono nimbebe kuingia ndani, kama ninavyombeba kila siku. Mikono yake bado ina nguvu ya mtu wa makala. Ananikumbatia shingoni kwa mmoja, na kwa mwingine anashika bega la kushoto, pale pale kwenye nundu, anaminya mpaka mlangoni. Angeweza kushika la kulia. Sijawahi kumwomba abadilishe.