Folda ya Mama Iliyogoma Kuhama

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Somanda, hapa Bariadi, mchana kweupe. Sikuwa na homa, pombe sinywi, na kompyuta yenyewe ipo mezani mpaka leo. Mimi ni mwalimu, na jumuiya ya kanisani sikosi. Habari za mizimu nilikuwa nawaachia wenyewe.

Kompyuta yangu ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Nikamwita fundi, akaipekua, akasema diski yake ya C imejaa na imechoka, dawa yake ni kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya. "Madam, kila unachokipenda kihamishie diski ya D sasa hivi. Nikirudi jioni, kitakachobaki C kimekwenda na maji." Akanionyesha pa kubonyeza, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Nilikuwa na vitu vingi: mitihani ya wanafunzi, picha za harusi, video za ubatizo. Na nilikuwa na folda moja niliyoiita MAMA. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yangu. Nilimrekodi kwa simu mwaka wake wa mwisho, akisimulia mambo ya ukoo huku akipepeta mchele. Simu hiyo niliibiwa mnadani. Kwa hiyo duniani kote sauti ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye hiyo C iliyochoka. Unaona nilivyokuwa nimebanwa?

Basi nikaanza. Mitihani ikahamia D. Harusi ikahama. Ubatizo ukahama. MAMA ikagoma. Kompyuta ikaniandikia kwamba haiwezekani, folda imefunguliwa mahali pengine. Imefunguliwa wapi, na nani, wakati niko peke yangu nyumbani? Nikazima, nikawasha. Yale yale. Nikachomeka fleshi, nayo ikakataliwa. Nikampigia fundi, akaniambia, "Funga kila kitu kilichofunguliwa." Nimefunga, baba! Nifunge na madirisha ya nyumba?

Ndipo nikasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja mfupi, sijapata kumwona. "Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, nami nikamwitikia kwa haraka haraka za mtu asiyetaka mgeni. Akaomba maji. Nikampa. Badala ya kunywa na kwenda zake, akajivutia kiti, akakaa, akaitazama kompyuta.

"Mnahama?" akauliza.

"Hatuhami, bibi."

"Mbona vitu vinabebwa?"

Nikamwambia ni kazi za shule tu. Akanywa kidogo, akaniuliza, "Na mama yako umemwambia?"

"Mama yangu alishafariki, bibi."

"Najua. Nimeuliza kama umemwambia."

Hapo ndipo nikamtazama miguu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi wa mbuga unaujua ukilowa, hakuna anayeingia ndani bila kubeba nusu ya shamba kwenye viatu. Miguu yake ilikuwa mikavu, imepauka kwa vumbi la kiangazi. Mama tulimzika kiangazi.

Akanywa maji akayamaliza, akaweka kikombe, akaaga, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni nione anaelekea wapi. Hakuwepo. Kwenye tope la uani kulikuwa na alama za pikipiki ya fundi na za viatu vyake, basi. Bibi yule hakuacha hata unyayo mmoja.

Niliogopa, siwezi kukataa. Lakini zaidi ya kuogopa nilikasirika, maana nilishaelewa. Tulipohama Maswa kuja Bariadi nilikuwa mtoto, na mama ndiye aliyekataa kupanda gari mpaka baba asimame mlangoni, anyunyize maji yenye unga, awaambie waliotangulia kwamba tunahama na twende wote. Kwetu kaya haihamishwi kimya kimya. Lakini nani angefikiria kwamba na kompyuta ina mlango? Na kama mama ana neno, si aje mwenyewe? Anamtuma mtu nisiyemjua aje kunihoji! Mama alikuwa hivyo hivyo akiwa hai. Hata hospitali hakwenda mpaka abembelezwe.

Nikasimama mbele ya kioo cha kompyuta, mtu mzima mimi, nikasema kwa sauti, "Mama, tunahama. Hapa C panafutwa jioni hii, ukibaki unapotea. Huko D kuna nafasi na wenzako wote wameshafika. Twende. Na usinisumbue, fundi yuko njiani!"

Nikabonyeza. Ikahama mara moja, bila neno.

Nikakaa chini nikalia. Tangu tumzike sikuwa nimewahi kugombana naye, na sikujua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa.

Fundi akaja, akafomati, sauti ikabaki salama. Ungedhani yameisha. Dada yangu Kabula, anayeishi Mwanza, alipopata habari akataka na yeye atumiwe kopi. Nikamwambia mama vizuri, kwa heshima zote, "Kabula anakuomba Mwanza." Imefunguliwa mahali pengine. Nikarudia siku nyingine. Imefunguliwa mahali pengine. Kabula akaniita mchoyo, tukatupiana maneno makali kwenye simu. Mwisho akasema atakuja kuichukua mwenyewe, amwone huyo mama anayekatalia kwenye kompyuta.

Akaja, amenuna. Hakuwa amekanyaga Bariadi tangu maziko. Akachomeka fleshi yake, akabonyeza, ikakataa. Basi tukaisikiliza pale pale, mezani, mabega yamegusana, mama akituita majina yetu yote mawili na kupepeta mchele wake. Kabula akalia mpaka akalala kwangu. Kopi hajapata mpaka leo. Sasa huja kila shule zikifungwa, na kila mara anaondoka akilalamika.

Kwa hiyo wewe uliyeweka marehemu wako kwenye mashine, usimhamishe kama mzigo. Mwambie kwanza. Na ukishamwambia akagoma, usimlazimishe wala usimlaumu fundi. Jiulize ni nani hajafika nyumbani siku nyingi, umpigie simu.