Maji Niliyomwaga Kwenye Kipima Mvua Chako

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu Naserian, na kila nikiikumbuka natamani kujipiga kofi. Ulikuwa gredi ya nne. Jua halijatoka, mimi nawahi kazi kule shamba la maua, na nimesimama nyuma ya nyumba yetu hapa Kitengela na kikombe cha maji mkononi. Soma hii yote, usiruke. Sijawahi kukuambia, na hasira yake nimekaa nayo mwaka mzima.

Mwalimu wenu aliwaambia mtengeneze kipima mvua. Projekti moja, masomo matatu: sayansi mpime, hesabu mchore grafu, sanaa mpambe chupa. Yako ulijitengenezea mwenyewe, mkono wa mtu mzima haukuigusa. Ulikata chupa ya soda kwa kisu cha jikoni, ukageuza ile sehemu ya juu ikawa faneli, ukachora milimita kwa rula, ukaizungushia shanga za koko, nyanya yako, nyekundu na nyeupe. Halafu ukaichimbia shimo mbali na nyumba, ndio maji ya mabati yasikudanganye. Nani alikufunza hiyo? Hakuna. Kila asubuhi unachuchumaa, unaangalia, unaandika. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Ni Kajiado na ni kiangazi, kwani ungeandika nini?

Wiki mbili zikaisha, daftari likarudi na wino mwekundu: Haijakamilika, mzazi asaidie. Nikampigia mwalimu.

"Mama Naserian," akaniambia, "grafu ya sufuri tupu nitaibandika ukutani vipi? Wenzake wako na mvua."

Wenzake wako na mvua! Mbingu ni moja, na mtoto wa ploti ya pili ameandika milimita kumi na mbili. Nikauliza kwa grupu ya wazazi. Mama mmoja akajibu akicheka: "Mwaga tu kikombe, dada, kwani mvua ni ya nani?"

Nikamwaga. Asubuhi nne nilimwaga kabla uamke. Ile ya kwanza ulitoka ukipiga kelele, "Mum, kumenyesha!" Halafu ukasimama, ukagusa mchanga na kidole. "Lakini mbona chini kumekauka?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia hiyo shule ikiuliza. Nami bila kupepesa macho nikasema jua la huku linanyonya maji haraka, andika, gari la shule litakuacha.

Kitu sikujua ni kwamba kila jioni, kabla nitoke kazini, ulikuwa unachukua simu ya baba yako unampigia Akuyia, babu yako mzaa baba, kule Bissil. Unamsomea jedwali. Kumi. Kumi na tano. Mimi nilizaliwa Nyeri, mwanangu. Kwetu ukisikia mvua unatafuta jembe. Sikuwa nimeelewa kwamba huku mtu akisikia mvua anaamsha ng'ombe. Na huku mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa barabara na kuacha mwingine, kwa hivyo hata wazee wenzake walipomwambia Kitengela ni vumbi, aliwajibu mjukuu wake anapima.

Alifika hapa mchana, siku mbili njiani akiswaga ng'ombe kufuata majani ya hiyo mvua, na ng'ombe wamebaki mifupa. Nado hakufika. Yule ng'ombe wako mwekundu, uliyepewa na babu ulipoota meno, alilala chini karibu na Isinya akakataa kuamka.

Mzee alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akachoma mchanga na fimbo, akaangalia chupa yako muda mrefu. Mimi nikakiri kikombe, halafu nikaanza kutukana shule. Nikamtukana mwalimu, nikatukana grupu, nikatukana grafu. Aliniacha nikamaliza.

"Mwalimu hakuja hapa na kikombe," akasema.

Nikamletea kiti, hakukaa.

"Watu wakiniuliza nani alinidanganya, niseme nani? Mtoto wa miaka kumi?"

"Baba, nisamehe."

"Mimi nimechoka, nipe maji ya kunywa. Lakini mtoto utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia."

Sikukuambia. Ulirudi shule ukasikia Nado amekufa, ukasema polepole, "Nilisoma vibaya." Na mimi mama yako, nikiwa hapo hapo nakatakata sukuma wiki, nikakuacha uamini hivyo.

Sasa jana umeletewa projekti nyingine, ya kupima maharagwe yakiota. Ukanipa rula na daftari. "Mum, andika wewe. Mimi hukosea."

Hukukosea! Hukukosea hata mstari mmoja, unasikia? Kila namba uliyoandika ilikuwa kwa hiyo chupa. Uongo niliuweka mimi, na shule ikaupa nyota na kuubandika ukutani. Leo asubuhi nimeenda nikaubandua mwenyewe. Mwalimu akauliza kwani kuna nini. Nikamwambia mtoto akileta sufuri aliyoipima, hiyo ndiyo kazi imekamilika, na asinitumie tena wino mwekundu nikamfanyie mtoto wangu kazi. Wazazi wengine walikuwa wanaangalia chini. Waangalie.

Basi shika hii, mwanangu. Kazi ya mikono yako iwe ya mikono yako, hata ikipinda, hata gundi ikionekana. Ukipima ukakuta hakuna, andika hakuna. Mchanga ukikauka na chupa ikisema maji, amini mchanga, kisha uliza kwa nguvu. Na mtu mzima akikaribia kazi yako na kikombe, hata nikiwa mimi, mfukuze.

Jumapili tunaenda Bissil. Utamsomea Akuyia zile sufuri zako zote, moja moja, na mimi nitakaa hapo mbele yake niseme zile namba zingine zilitoka wapi.

Enkai, Mungu wa kina baba yako, akulindie macho yako, mwanangu, yaendelee kuona mchanga mkavu. Akupe mkono usiotetemeka ukishika kalamu. Na mvua ikija, ile ya kweli, ikukute nje umechuchumaa, uwe wa kwanza kuiandika.