Kompyuta Nilizomficha Mtu wa Bima

Mwanangu, kaa nikusimulie Alhamisi moja ambayo siisahau, siku niliyojiona mjanja kuliko wote Morogoro Mjini. Na ujanja ninao, sikatai. Niliishia darasa la saba kule Mgeta, nikashuka mjini na magunia ya kabichi, na biashara zilipofunguliwa, wenzangu wakikimbilia mitumba, mimi nikaleta kompyuta. Nane. Mtaa mzima ulikuja kuzitazama. Wanachuo walipanga foleni kuchapisha tasnifu zao, na mimi mwenyewe sikujua hata kuwasha mashine. Aliyejua ni Stella, mpiga chapa wangu. Utajiri ni kujua kuajiri.

Ila sikumwamini mtu, hata mteja. Mwanachuo akitaka kazi yake inakiliwe kwenye diski aondoke nayo, nilikataa, maana nilijua ataipeleka kwa jirani mwenye bei nafuu. Kazi ibaki humu, ukitaka karatasi utarudi kwangu. Alikuwapo dada mmoja, Zuhura, anasomea kilimo, aliyekaa Turiani msimu mzima akichunguza mpunga. Aliniomba diski mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Kaka, hiyo ni kazi yangu, siyo yako." Nikamjibu kwamba humu ipo salama kuliko kwenye mkoba wake.

Wiki hiyohiyo akaja Mzee Mhina, kavaa koti, kashika mkoba wa ngozi uliochakaa. Alikuwa kapunguzwa kazi shirika la umma, sasa anatembeza bima za kampuni binafsi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaanza maswali. Mashine ngapi? Zinakaa wapi? Na kazi za wateja zilizomo ndani zikipotea, utawajibu nini? Akanieleza kwamba ipo bima ya mashine zenyewe, na ipo ya hasara utakayomsababishia mteja. Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Nani anauliza hivyo kama si mtu wa kodi aliyevaa koti la bima? Nikamwambia aje Alhamisi aone kwa macho yake.

Alhamisi asubuhi nikafanya tulichokuwa tukifanya wafanyabiashara wote wa mtaa ule tukisikia wakaguzi wanapita: nikahamisha mali. Mashine tano nzuri, ile yenye kazi ya Zuhura ikiwamo, nikazipeleka stoo ya nyuma, kando ya mto, nikazipanga sakafuni na kuzifunika turubai. Mzee akakuta tatu kuukuu. Akazitazama, kisha akatazama meza tano tupu, kila moja na mraba safi katikati ya vumbi.

"Ni hizi tu, kijana?"

"Ni hizo tu, mzee."

"Na kazi za wateja?"

"Hatutunzi."

Akaandika. Nikasaini karatasi ya Kiingereza ambayo sikuelewa hata mstari mmoja, nikalipia, akaenda zake. Nilicheka peke yangu.

Mchana ule mjini jua lilikuwa kali. Lakini juu Uluguru wingu lilikuwa limefunga tangu saa nne, na mimi, mtoto wa mlimani, nililiona nikalidharau. Mto ukafurika bila mjini kudondoka tone. Nilipofungua stoo maji yalinifika magotini, rangi ya chai ya maziwa. Dukani mbele, zile tatu kuukuu zilikuwa kavu kabisa.

Sitakuficha, wazo la kwanza lilikuwa kuzibeba tatu kati ya zile tano hadi mbele na kusema ndizo alizoziandika mzee. Stella akaniambia kwenye hilo yeye hatakuwamo. Ikabidi niende kwa Mzee Mhina nikaseme kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunicheka.

"Nilikuja kulinda ulichonacho," akasema, "wewe ukaniandikisha ulichotaka nikione. Hizo tatu zina bima, na hizo tatu ni nzima. Wateja umeshawaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Zuhura alikuja kesho yake, nikamweleza. Hakulia. Aliuliza tu, "Ile diski niliyokuomba, ungepungukiwa nini?" Fundi alizikausha mashine wiki mbili, haikuwaka hata moja. Stella alichapa upya kutoka kwenye madaftari yake Zuhura, lakini masahihisho yote yalikuwa yamekwenda na maji, na Zuhura akakosa mahafali ya mwaka ule.

Leo nina maduka matatu, moja liko Dumila, na yote yana bima. Zuhura nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, kisha anabana mkoba wake kwapani.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi bado nashuku. Mkataba wa bima usiusaini mpaka usomewe kwa Kiswahili, wakala akiwa amekaa hapohapo, na uanze kwa kuuliza wasichokilipa. Lakini ukishaamua kukata hiyo bima, mwonyeshe kila kitu, hata kibovu. Na kazi ya mtu iliyomo kwenye mashine yako si mali yako. Mpe nakala yake, hata kama anaipeleka kwa jirani.

Mungu akupe macho ya kumtambua mwizi, akuepushe na kumwona kila mtu mwizi, na siku mto utakaposhuka kutoka mlimani ukukute huna ulichoficha. Amina.