Jina Alilolitaja Marthe

Marthe alizaliwa Swima, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, lakini mpira wa magongo alijifunza ukimbizini. Vita vilipowavusha wazazi wake hadi Tanzania alikuwa bado msichana mdogo, na huko kambini mwalimu mmoja wa michezo aliwagawia watoto magongo ya kuchonga, akawafundisha kuusukuma mpira mdogo mgumu bila kuurusha juu. Wengi waliacha mara tu walipopondwa vidole vya miguu. Marthe hakuacha. Miaka ilipopita akarudi nyumbani, mjane mwenye mtoto mmoja, akapata kazi ya kufundisha shule ya msingi katika mji wa Baraka, na hata kabla ya kuziba paa lililovuja alikwenda kwa seremala kumwomba amchongee magongo ya mti wa mpera.

Ndivyo timu ya wasichana ya Baraka ilivyoanza. Mwanzoni watu walisimama njiani kuwacheka. "Batoto ya Mwalimu Marthe banatafuta nyoka!" Baadaye waliozoea kucheka wakaanza kuleta binti zao.

Kati ya wasichana wote, wawili walikuwa wamepevuka kimchezo kuliko wenzao. Mmoja alikuwa Aline, binti yake mwenyewe, mwenye mbio na utiifu: akiambiwa rudia, anarudia mpaka jasho linamwingia machoni. Wa pili alikuwa Renilde, binti wa Habonimana, mkulima aliyekimbia kutoka Burundi na kukodi kishamba karibu na mto Mutambala. Renilde hakuwa na mbio sana. Hakuhitaji. Mpira ulipokuwa bado kwenye gongo la mwingine, yeye alikuwa amekwisha kufika pale utakapofikia. Marthe alikuwa akimtazama na kusahau kupuliza filimbi.

Siku moja alipigiwa simu na Placide, mwenzake wa tangu kambini, ambaye sasa alifundisha timu ya wasichana Kalemie. Timu hiyo ilikuwa na nyumba ya kulala wachezaji, na waliochaguliwa waliingizwa shule.

"Marthe, iko nafasi moja," alisema Placide. "Siwezi kufika huko. We ndiye unabajua batoto. Ninatumaini jicho yako. Niambie jina."

Wasichana walikuwa uwanjani wakati huo. Marthe aliwaona wote wawili. Alimwona Renilde akipokea mpira, akimzunguka mtu kama anayezunguka jiwe njiani.

"Aline," alisema.

Alipokata simu alianza mara moja kujitafutia sababu. Renilde bado mdogo, mwaka kesho utakuwa wake. Renilde ni mkimbizi, ruhusa ya kusafiri itamsumbua. Baba yake anamhitaji shambani. Sababu zilikuwa nzuri, zimepangwa vizuri, na hakuna hata moja aliyokuwa amemuuliza mtu.

Aline alipanda boti kwenda Kalemie. Wenzake waliimba pale ufukweni, Renilde akiwa mmoja wao, na Marthe akamwekea mkono begani. "Wakati wako utafika, binti yangu." Renilde alimtazama moja kwa moja usoni. Marthe ndiye aliyeangalia pembeni.

Hilo pengine angelizoea. Lakini Jumapili, baada ya ibada, Habonimana alikuja nyumbani kwake amevaa koti lake la kanisani, amebeba kapu la viazi vitamu kichwani kama mwanamke, maana mkono wake mmoja haukunyooka vizuri. Watoto wake walimfuata nyuma.

"Mama Aline, nimekuja kushukuru," alisema. "Mahali pengine batoto yetu hawaguse hata ile fimbo. We unabaangalia bote sawasawa. Nimewaambia hawa: huyu mama hachague kwa kabila, hachague kwa damu. Renilde amelia kidogo, nikamwambia, kama Mama Aline amesema wewe bado, basi wewe bado."

Marthe alipokea kapu kwa mikono miwili. Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake aliwakaribisha chai, akawauliza habari za mihogo. Viazi vile alivichemsha jioni, akaweka kimoja mezani, akakitazama mpaka kikapoa, kisha akabeba chungu chote kwa jirani.

Kuanzia hapo akawa anaukwepa uso wa Renilde mazoezini. Alimsifu kupita kiasi siku moja, siku ya pili akamkaripia bila kosa. Msichana akaanza kukosa mazoezi. Alipokuja, alikaa na watoto wadogo pembezoni, akiwaonyesha namna ya kushika gongo, kama mtu aliyekwisha kuzeeka katika mchezo.

Placide naye akapiga tena. "Aline anajikaza, siwezi kusema uongo. Lakini akikosea ananiangalia mimi kwanza, kisha ndipo anatafuta mupira. Una hakika na huyu mutoto?"

"Mupatie muda," Marthe alijibu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Aline mwenyewe hakulalamika. Simu zake zilikuwa fupi: nimekula, nimesoma, tumecheza. Mpaka mara moja alipouliza, "Mama, Renilde anacheza bado?" na Marthe alipojibu kwamba anakuja mara mojamoja, Aline alikata simu bila kuaga.

Likizo ilipoanza Marthe alipanda boti. Aliwakuta Kalemie katikati ya mechi. Binti yake alikimbia vizuri, alikimbia kila mahali, na kila mahali alifika mpira umekwisha kupita. Kabla ya mapumziko Placide alimtoa. Aline alikaa chini, akajifunika kichwa kwa taulo, na hakuna mwenzake aliyeshangaa. Hilo Marthe aliliona, na likamchoma kuliko taulo lenyewe.

Baada ya mechi walikaa nyuma ya nyumba ya wachezaji, penye kamba za nguo.

"Ulikuja kunitazama ao kunirudisha?" Aline aliuliza.

"Kukutazama."

"Umeona, sivyo?"

Marthe aliokota nguo iliyoanguka, akairudisha kwenye kamba.

"Mama, mi pia niko na macho. Nilicheza na Renilde miaka yote. Ulichukua kitu yake ukanipa mimi nibebe. Iko nzito, mama. Kila siku naamka, iko nzito."

Marthe alitaka kumshika mkono, Aline akauvuta. Si kwa hasira. Ni kama mtu anayelinda kidonda. Hapo ndipo Marthe alipoelewa kwamba siku ile uwanjani hakumwibia mtoto mmoja. Aliwaibia wawili.

Alimfuata Placide, akamkuta anakusanya magongo, akamweleza yote bila kuzungusha. Placide aliendelea kuyafunga magongo kwa kamba, moja juu ya jingine, mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo jicho yako halikukosea," alisema mwishowe. "Ni mudomo."

"Ni mimi, Placide. Mudomo peke yake haina kosa."

"Niletee huyo Renilde. Lakini siku ingine sitakuuliza jina. Nitakuja mwenyewe."

Katika safari ya kurudi Baraka ziwa lilikuwa tulivu, na Marthe alitamani lingechafuka ili apate kitu kingine cha kuogopa. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Habonimana. Baba na binti walikuwa wanapalilia mihogo. Alisimama kwenye tuta, mfuko wake wa safari mkononi, akasema. Alisema kwamba Renilde alikuwa bora na yeye alijua. Kwamba sababu zote alizibuni baadaye.

Habonimana aliegemea jembe. "Nilikushukuru," alisema polepole.

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya batoto yangu. Nilibaambia bakuangalie."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua," alisema Renilde. Hakupandisha sauti. "Siku ya boti, ulipoangalia pembeni. Sikusema, sababu baba alikuwa na furaha. Alikuwa amepata mutu wa kumusifu hapa."

Marthe aliomba msamaha. Mzee aliinamia tena mihogo yake. Renilde aliuliza jambo moja tu: mafunzo yanaanza lini.

Ruhusa ya kusafiri, ile iliyokuwa kisingizio chake kikubwa, ilipatikana kabla wiki haijaisha. Renilde aliondoka bila kumpa Marthe mkono, naye hakuutafuta.

Sasa Renilde anacheza katikati, na Placide humpanga hata akiwa na mafua. Aline aliacha gongo, lakini Placide alimruhusu abaki Kalemie kumaliza shule. Anaishi nyumba moja na Renilde, na ndiye humwambia mama yake habari za kila mechi. Renilde mwenyewe hapigi. Marthe bado anafundisha watoto Baraka. Akiona msichana mwenye kipaji hutaja majina kadhaa, husema sifa na kasoro za kila mmoja, kisha humwachia Placide aje kuamua.

Juzi timu ya Kalemie ilishinda, na Renilde ndiye aliyefunga. Marthe alitembea hadi Mutambala kupeleka habari. Habonimana alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharage.

"Nimesikia," alisema kabla hajaambiwa. Kisha akasogeza kiti kidogo kwa mguu. Marthe akakaa ukingoni.

"Na Aline?" mzee aliuliza. "Anaendelea?"

"Anasoma. Anataka kuwa muganga wa hospitali."

"Vizuri."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Wingu lilipojitanda upande wa milimani Marthe aliaga, akashika njia ya mjini kabla mto haujajaa.