Alama za Kuuliza za Mama

Majina yao nimeambiwa nisiyaandike. Sawa. Lakini mmoja ni fundi simu wa Mchafukoge, mwenye kibanda mlangoni mwa jengo letu, jengo lililojaa familia za Kihindi tangu sijazaliwa. Mwingine ni jamaa wa programu aliyepanga ghorofa ya kwanza. Wanaoishi mtaa ule wanawajua.

Mtungi wa gesi ulipolipuka jikoni kwetu nililala hospitali hadi nikasahau ladha ya chai ya nyumbani. Mama magoti yalimkatalia kuja. Kila alfajiri akanitumia meseji kwa Kigujarati. Shule mimi niliishia la saba, Kiingereza sina. Kigujarati alinifundisha yeye, kwa kidole, juu ya unga wa chapati. Mimi nikatoka mzima, yeye akafa.

Simu ilipoanza kuzima ovyo nikampelekea fundi. Kwao huwa unaacha ya zamani, unaongeza hela, unapewa nyingine, na ya zamani inafutwa palepale ikachinjwe spea mtaa wa Gerezani. Nikamwambia nifanyie chochote ila meseji za mama zibaki. Akasema jamaa wa juu ametengeneza programu ya kuhamisha. Mstari wa kijani ukajaa kwenye kompyuta.

"Zote zimehama, bosi," akasema, akaifuta simu bila kufungua hata meseji moja.

Nikafungua nyumbani. Alama za kuuliza, mwanzo hadi mwisho.

Niliporudi, simu ilishakwenda Gerezani, na fundi akacheka mbele ya wateja.

"Mhindi, mngeandika Kiswahili. Vile vidude vyenu nani anavijua?"

Nikamwambia nilikuwa nauza bhajia mlango ule kabla mama yake hajaliona jiji. Wateja wakacheka, yeye akaacha.

Jamaa wa programu akashuka. Huyu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichefua. Akaeleza kwamba kompyuta haitunzi herufi, inatunza namba, kwa hiyo kila herufi inageuzwa kuwa baiti. Kuna mpangilio wa zamani, wa herufi za Kizungu tu, na upo mpya wenye herufi za dunia nzima. Yeye alitumia wa zamani, ndio aliouzoea. Anaishi juu ya kengele za hekalu letu lililo chini ya jengo, anapanda ngazi na bibi zetu, na hakuwaza kwamba tunaandika.

Nikamuuliza kama programu haikusema lolote ilipokuta herufi isizozijua.

"Ilikuwa inagoma, mzee. Wateja wakalalamika inakwama. Nikaiambia isigome, iweke alama ya kuuliza iendelee."

Yaani mashine ilitaka kusema ukweli, yeye akaifunga mdomo. Nikamwambia basi azigeuze zirudi. Akatazama chini. Herufi zote zimekuwa kitu kimoja, akasema, hakuna cha kugeuza.

Kilichobaki ni nafasi kati ya maneno. Kila meseji inaanza vilevile: fungu fupi la alama, fungu la kati, fungu refu. Hiyo ni Jay Shri Krishna, salamu yake ya asubuhi. Baada ya hapo ni ukuta.

Kila nikiamka nafungua meseji moja, namjibu salamu kwa sauti. Kisha nashuka ngazi. Fundi ananiambia, "Mambo, bosi?" Huyo simjibu.