Upande wa Pili wa Kaseti ya Shangazi Bupe

Harufu ya spiriti huwatia watu wengi hofu ya sindano. Mimi hunitia raha. Nikiwa kwenye foleni ya hospitali, nesi akifungua tu kile kichupa, narudi papo hapo kwenye kibanda cha Baba pale Makandana, nina umri wa miaka kumi na mmoja, nimeketi juu ya kreti ya soda, na Baba amezungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti anasafisha vichwa vya deki ya kaseti. Spiriti ile ilichanganyika na harufu ya plastiki iliyopata moto, na ya ndizi mbivu alizouza jirani yetu mlangoni, na ya makoti yaliyolowa, kwa maana Tukuyu wakati wa masika mvua hainyeshi, inahamia. Inaingia na mizigo yake yote na kukaa mpaka ituchoshe. Watu walijibanza kibandani kuikimbia, na kwa kuwa mtu akishajibanza huona haya kukaa bure, walisikiliza muziki, na wengine wakaishia kununua. Baba, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Ambokile, alisema mvua ndiye mpiga debe wake asiyedai mshahara.

Kazi yake ilikuwa kurekodi kaseti. Mteja alileta orodha ya nyimbo kwenye kipande cha karatasi, Baba akazikusanya kutoka kaseti hii na ile kwa deki yake yenye milango miwili, na baada ya siku mbili mtu akaondoka na nyimbo zake mfukoni. Mwaka huo, kabla mvua hazijaanza, mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa amejitolea kufundisha hesabu katika shule ya sekondari alimaliza muda wake. Baba alikuwa amemtengenezea redio mara nyingi, basi siku ya kuaga alimletea zawadi ya katoni yenye kaseti arobaini. Hazikuwa kaseti za dukani. Zilirekodiwa na rafiki zake huko kwao, vijana waliopiga magitaa kwenye magereji ya magari, na majalada yake yalikuwa karatasi za fotokopi zilizochorwa kwa mkono: mbwa aliyevaa miwani, kiatu kinachoungua, bibi kizee amekunja ngumi. Baba alisikiliza dakika mbili akatikisa kichwa. “Hawa wamegombana na vyombo vyao,” alisema. Mama, aliyekuwa amepita kuleta chakula, aliongeza kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, akaenda zake.

Mimi sikwenda popote. Nilikuwa na kidonda changu. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeondolewa kwenye kwaya ya watoto, kwa sababu sauti yangu, alivyosema Mwalimu Lugano kwa upole uliozidi kuniumiza, ilifaa zaidi kuita mbuzi. Mwalimu Lugano ndiye aliyefundisha kwaya zote za kanisani kwetu, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Basi jioni moja nikachomeka kaseti ya yule bibi kizee mwenye ngumi. Kwenye upande wa pili, wimbo wa kwanza ulianza na mtu anayekohoa. Akahesabu hadi nne, magitaa yakaanguka yote kwa pamoja kama bati lililong'olewa na upepo, na binti mmoja akaanza kuimba. Niseme ukweli, hakuwa na sauti. Alikuwa na yangu. Alipayuka, akapitiliza noti, akakosea kuingia, kisha katikati ya ubeti akaangua kicheko, na wenzake hawakusimama wala hawakumfukuza. Waliongeza mwendo. Sikuelewa hata neno moja na nililia machozi ya furaha pale pale juu ya kreti. Sikuwa nimejua kwamba inaruhusiwa. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua muziki ule unaitwa panki, jina lile lile la mtindo wa nywele uliowafanya wavulana wa shule yetu wachapwe, nikaona hiyo ni haki kabisa.

Kisha Pasaka ikakaribia. Kwaya ya watu wazima ilikuwa imerekodi nyimbo zake mpya, na Mwalimu Lugano akaagiza kaseti arobaini za kuuza na kugawa. Duka la Mbeya alikonunua Baba kaseti tupu lilikuwa limeishiwa. Baba akatazama juu ya kabati, akaiona ile katoni, na mimi nikaona anavyoitazama. Nikaomba abakize moja tu. “Sekela,” alinijibu bila ukali, “kaseti ni shamba. Ukishavuna mahindi unapanda maharage. Nani atakuja hapa kuniulizia habari za hawa watu?” Mwalimu yule Mzungu alikuwa amevunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti ili zisifutwe. Lakini mtoto yeyote wa fundi anajua dawa yake: unatafuna karatasi, unaziba tundu, na kitufe chekundu kinakubali kubonyezwa kama kawaida. Kutafuna ilikuwa kazi yangu. Kubandua majina kwa maji ya moto ilikuwa yangu pia. Beseni lilijaa mbwa, viatu na mabibi vizee waliolowa, na majina ya wale wanamuziki yakamwagwa mferejini pamoja na maji.

Baba alirekodi upande wa kwanza asubuhi, na mimi nilirekodi upande wa pili nikitoka shule. Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu. Ile kaseti ya binti ilipofika zamu yake, upande wa pili sikuuziba wala sikuurekodi. Niliificha chini ya meza, nikipanga kutoa kaseti chakavu nyumbani ili hesabu itimie siku ya Jumamosi. Baba aliponiuliza kama nimemaliza, nilisema nimemaliza. Lakini Mwalimu Lugano hakungoja Jumamosi, alikuja Alhamisi nikiwa shuleni. Wakahesabu, wakapata thelathini na tisa, Baba akapapasa chini ya meza akaipata ya arobaini. Niliporudi ilikuwa imekwenda na wenzake, zote zimevaa jalada moja lenye picha ya msalaba, na wala hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa anayeipita ni ndefu sana. Kwa wiki mbili kila aliyeingia kibandani na kumsalimia Baba “Ugonile” nilidhani amekuja kurudisha kaseti. Kwaya ndiyo iliyokuwa mteja wetu mkubwa, na jina la Baba ndilo lililotulisha. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba sikuwa naomboleza jina la Baba peke yake. Nilikuwa namwombolezea yule binti. Nilifikiri huko alikokwenda, kijiji cha Nkunga au wapi, mtu atageuza kaseti, atashtuka, atafuta, na duniani hakutabaki tena mtu anayecheka katikati ya ubeti.

Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka, Shangazi Bupe, mdogo wake Baba wa mwisho, aliolewa Masukulu. Baba alibeba deki, spika mbili na betri ya gari, akavipanga kwenye ua kati ya migomba. Mvua ilitupa ruhusa ya saa chache. Kwaya iliimba, wakaketi kula, na mshereheshaji akaweka kaseti ambayo kwaya ilimzawadia bibi harusi, ili wazee wapate kula kwa utulivu. Baba alikuwa mezani na wakwe. Nyimbo za upande wa kwanza zilikwisha, mshereheshaji akaigeuza kaseti, na mtu akakohoa.

Kikohozi kile ningekitambua hata kaburini. Nilisimama na sahani yangu ya ndizi na nyama, sikumbuki iliangukia wapi. Magitaa yakatua juu ya ua wa Masukulu. Mchungaji akabaki na kijiko hewani. Watoto wakaziba masikio kisha wakazibua ili wasikie vizuri. Mshereheshaji, badala ya kuzima, akashika kitufe cha sauti akakizungusha upande usio wake, sauti ikapanda. Na kabla Baba hajavuka ua, Bibi yangu, mama yake Baba, mwanamke aliyekuwa amelalamikia magoti tangu asubuhi, alisimama, akakaza khanga kiunoni na kuanza kuruka.

“Kumbe Wazungu nao wana ing'oma!” alipiga kelele. “Mbona mlituficha?”

Asiyeijua ing'oma yetu ya Kinyakyusa ajue tu kwamba haichezwi kwa kunyata. Ngoma kubwa zikipigwa watu huruka na kuitikisa ardhi, na vumbi au tope ni la kufua kesho. Wazee wa Masukulu walisikia mdundo ule wa magereji wakaona hauna ugeni. Walimfuata Bibi, kisha wakaja wachuma chai waliokuwa wamealikwa upande wa bwana harusi, kisha bibi harusi mwenyewe, ameshika gauni kwa mikono miwili, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Binti alipofika pale anapocheka, ua mzima ukacheka naye. Wakaomba urudiwe, na ukarudiwa.

Baba hakuwa anautazama uchezaji. Alikuwa ananitazama mimi. Nilimwendea nikasema, “Taata, ni mimi. Sikurekodi. Nilikudanganya.” Wakati huo Mwalimu Lugano alikuwa anatujia na suti yake, polepole.

“Fundi,” alisema Mwalimu, “hii ni kwaya ya wapi?”

“Ni ya Ulaya, Mwalimu. Kosa limetoka kwangu. Kaseti zote nitazipitia upya.”

Mwalimu Lugano alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha kama alivyofanya kwenye mazoezi. “Sauti ya pili hawana,” alisema. “Sauti ya nne hawana. Huyu binti angekuwa wangu ningemtoa.” Akamtazama Bibi anavyoruka. “Na ningekosea. Ndaga fijo, asante sana, Fundi. Mama yako sijamwona hivi tangu azikwe mzee wenu.” Kisha akanigeukia mimi, na sikuhitaji aseme zaidi, ingawa alisema nije mazoezi Jumanne. Nilikwenda. Aliniweka mstari wa nyuma, lakini aliniweka.

Baba alitaka kuichukua ile kaseti akairekebishe. Shangazi Bupe aliikumbatia kifuani. “Kaka, usiiguse. Zawadi haifanyiwi marekebisho.” Akaondoka nayo kwenda kuanza maisha. Mimi nilipata adhabu ya kusafisha vichwa vya deki kila jioni muhula mzima, adhabu ambayo ningeilipia kama ningeombwa. Lakini zile thelathini na tisa zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimezifuta mimi mwenyewe, upande wa pili wa kila moja, na hilo sijawahi kulitania.

Leo kibanda hakipo, mahali pale wanauza vifuniko vya simu. Mimi nafundisha sekondari hapa hapa Tukuyu, na kila Jumamosi natuma wimbo mmoja wa roki uliosahaulika kwenye kundi la simu nililolianzisha na marafiki wanne. Sasa tuko mia na kitu, kuanzia Masukulu mpaka Dar es Salaam. Wimbo wa kwanza niliotuma ulikuwa wa yule binti, nilioutoa kwenye kaseti ya Shangazi, na mpaka leo hakuna anayejua jina lake wala la bendi yake. Zamani wimbo ulihitaji vidole viwili tu juu ya vitufe vya deki kuuawa. Siku hizi hakuna anayefuta kitu, na bado nyimbo zinakufa, kwa kuwa zimelundikwa mno na hakuna wa kuchimba. Wanafunzi wangu wana nyimbo zote za dunia mfukoni na wanasikiliza kumi. Siwalaumu. Sisi tulikuwa na kaseti moja, na mvua ikatulazimisha kuisikiliza. Nachimba kwa niaba yao, na nikiwaona wanaruka, sina shida na dunia.

Baba ni mzee sasa, mikono inamtetemeka, na huja kwangu Jumapili baada ya ibada. Mwezi uliopita nilikuwa nasikiliza kipande kimoja nilichofukua, akaingilia kati. “Si kibaya,” alisema, “lakini hakimfikii yule wa kaseti yenye mbwa.” Nikaweka simu chini. Nikamwuliza mbwa gani. Alinishangaa kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe. Kumbe kabla ya kuruhusu kaseti yoyote ifutwe alikuwa akiisikiliza mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha utepe haujaliwa na deki. Ndivyo fundi mwaminifu alivyofanya kazi. Zote arobaini, pande zote mbili, alizisikiliza kama sehemu ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

“Unazikumbuka?” nilisema.

“Zote sijui. Ya mbwa ilikwenda hivi.”

Akafumba macho. Gitaa akaliimba kwa pua, ngoma akazipiga kwenye mkono wa kiti, na maneno asiyoyajua akayajazia Kinyakyusa chochote kilichokuja. Alikosea kuingia, akacheka, akaendelea. Nilikuwa nimeshabonyeza kurekodi. Ulipokwisha wimbo alifumbua macho akaiona simu mbele yake, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, kama anayeomba jambo kubwa.

“Hiyo usiifute, mwanangu.”