Sauti ya Tatu ya Casilda

Kila majira ya baridi, zeituni zilikula kucha za Casilda Berzosa. Mama wa miaka arobaini na mmoja, tangu utotoni alichuma zeituni katika mashamba ya watu huko Baeza, Hispania, na jioni akapiga gita. Mwaka mmoja alikwenda mjini kutahiniwa apate cheti cha kufundisha gita. Akikikosa, ni zeituni mpaka mgongo ukatike.

Sasa, wapiga gita hufuga kucha za mkono wa kulia, maana ndizo zinazokwanyua waya, wakazichonga na kuzitunza kuliko watoto wao. Dada yake, Obdulia, alimletea gundi na vipande vya mpira wa tenisi ya meza.

"Bandika hivi viwe kucha, mdogo wangu. Wenzako wote wanabandika."

"Ngozi hii ndiyo niliyojifunzia. Nitapiga nayo."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Basi andaa sanda."

Katika chumba cha mtihani, mkuu wa watahini, Don Eladio, alimwambia anyooshe mikono. Akavitazama vidole vilivyopasuka, akacheka.

"Mama, hivi ni vya kusugulia masufuria."

"Na masufuria vinasugua vizuri, Don Eladio. Nianze?"

Akapiga. Dole gumba likashika besi, kidole cha pete kikaimba juu, na viwili vya kati vikapitisha sauti ya tatu katikati, polepole, kama mtu anayepita kati ya wagomvi wawili. Mkono mmoja, waimbaji watatu. Alipomaliza, akainua uso.

"Nimesikia sauti mbili," Don Eladio akasema. "Ya kati haipo. Bila kucha huzama. Pole, mama."

Hasira zikampanda Casilda. Miaka thelathini aliilea sauti ile, na huyu anamwambia haipo!

"Naomba nirudie."

"Ya nini?"

"Mwache arudie," akasema mtahini wa pili, bibi mmoja mwenye miwani.

Akarudia wimbo uleule, juu na chini vilevile, ila vile vidole viwili akavituliza, visiguse waya. Hakufika mbali. Don Eladio alikunja uso, akainamisha sikio, kisha akainua mkono.

"Hebu ngoja! Wimbo umekuwa mtupu. Umeondoa nini hapo?"

Casilda akalilaza gita mapajani.

"Ile uliyosema haipo. Sasa shika kalamu, Don Eladio, uandike sauti tatu."